Skana yangu ya uga wa karibu inasema mwale umepinda. Niamini kipi, antena au skana?

Zuhura_RF (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Nimekwama, hii ni wiki ya tatu, na msimamizi wangu amesafiri. Naleta jambo hili hapa kama lilivyo.

Nimetengeneza antena bapa ya pachi 64 (vipande vidogo vya shaba vinavyotoa mawimbi), nane kwa nane, ya linki ya intaneti ya gigahezi 5.8. Kutoka katikati ya pachi moja hadi nyingine ni milimita 38, kwa hiyo uso mzima ni kama sentimita 30 kwa 30. Bodi ni FR-4, ile ya kawaida ya saketi, ndiyo niliyoweza kuimudu. Chumba ninachofanyia kazi kina mita 4 kwa 5, dirisha moja, kiyoyozi kimoja, na meza za chuma zilizofungwa sakafuni. Ili uwe kwenye uga wa mbali, yaani pale ambapo umbo la mwale limeshatulia, unahitaji umbali wa 2D²/λ (D ni upana wa antena, λ ni urefu wa wimbi). Kwa kipenyo cha kona kwa kona napata kama mita 7, na chumbani humu mita 7 hazipo.

Basi nikajenga skana ya uga wa karibu, inayopima mawimbi karibu na uso wa antena ili uga wa mbali upatikane kwa hesabu. Fremu imechomelewa na fundi wa Gerezani, reli na mota za stepa zimetoka kwenye mashine ya CNC iliyokuwa imekufa. Probu, yaani kipokezi kinachopima, ni kipande cha wevgaidi (bomba la chuma la kupitishia mawimbi) ya WR-159 kilichotolewa kwenye redio ya zamani ya mnarani, mdomo wazi, kingo nimezichonga mwenyewe kwa tupa. Inakaa milimita 200 mbele ya antena na kutembea katika eneo la mita 1 kwa 1. Inapita mlalo, inapanda milimita 25, inapita tena. Ni vituo 41 kwa 41, yaani 1,681, na kila kituo VNA (kifaa cha kupimia mawimbi) inasoma ukubwa wa wimbi na fezi, yaani wimbi liko wapi katika mzunguko wake. Natumia sekunde 4 kwa kila kituo kwa sababu nisiposubiri, fremu inakuwa bado inatikisika. Skani moja ni karibu saa mbili. Kisha naipitisha data kwenye FFT (hesabu ya Fourier ya kompyuta) kupata uga wa mbali.

Picha inatoka, na mara ya kwanza nilipoiona nilifurahi sana. Lakini mwale mkuu umeinuka digrii 1.2 juu ya mahali unapotakiwa kuwa. Miale ya pembeni ya kwanza, ile midogo iliyo kando ya mwale mkuu, katika mhimili wa wima haifanani: wa juu uko desibeli 9.5 chini ya mwale mkuu, wa chini uko 14. Nikirudia siku ya pili napata digrii 0.9 badala ya 1.2. Halafu programu yangu inasema geini (antena inaongeza nguvu kiasi gani upande inakoelekea) ni 25.7 dBi, ila nilipoifunga antena kwenye linki ya kweli nilipokea kama desibeli 5 pungufu ya hesabu.

Nianzie wapi?

Juma_Minara (Dodoma)

Dada Zuhura, pole kwa kazi. Mimi ni mtu wa minara, nitasema kwa lugha ya minara. Mita 7 siyo umbali wa kutisha. Panda darini, simamisha nguzo mbili, weka antena yako huku na antena unayoijua kule, zungusha digrii moja moja huku unaandika namba. Mchana mmoja umemaliza. Kwa nini ujitese na vituo elfu moja na mia sita?

Zuhura_RF

Asante kaka Juma, nilianza hukohuko. Juu ya dari letu gigahezi 5.8 imejaa linki za majirani, na kila ninapoelekeza antena nasikia mtu mwingine. Paa la bati nalo linarudisha mawimbi, nikipandisha nguzo nusu mita namba zinabadilika.

Ila kuna sababu kubwa zaidi. Darini ningejua antena ni mbaya bila kujua ni mbaya wapi. Uga wa karibu unanipa fezi mbele ya uso wa antena, na nimesoma kwamba kwa fezi hiyo unaweza kurudi nyuma kwa hesabu ukaona kila pachi inatoa nini. Hilo ndilo ninalolitafuta. Nina pachi 64 na tawi la njia za shaba nisizoweza kuzipima moja moja.

FundiKombo (Mombasa)

Binti yangu, hujambo. Nilifanya kazi ya vituo vya setilaiti tangu ujana wangu hadi kustaafu, kwa hivyo mambo ya umbali nayafahamu. Chukua dishi la mita 32, kama lile la Kuntunse kule Ghana lililogeuzwa kuwa darubini ya redio. Kwa gigahezi 6 kanuni yako inadai kilomita 41. Nani atasimamisha nguzo kilomita 41? Sisi tulikuwa tukitazama angani: twalenga Cassiopeia A, masalio ya nyota iliyolipuka ambayo nguvu yake ya redio yajulikana, twalinganisha na anga tupu lililo kando yake. Antena yako ndogo haiwezi kuisikia Cassiopeia, kwa hivyo hiyo njia ya chumbani ndiyo yako, na umefanya vyema kuishika.

Nakuuliza mambo mawili kabla hujagusa programu. Kiyoyozi chako chawaka na kuzimika chenyewe? Na je, umewahi kuiacha probu imesimama mahali pamoja, katikati, usiiguse, ukaandika fezi kwa muda uleule wa saa mbili? Kama hujafanya, fanya leo. Chombo kinachosogea chenyewe hakiwezi kukwambia kitu kingine kimesogea kiasi gani.

Bakari_Lyngby (Denmark)

Shikamoo Mzee Kombo. Swali lako la pili ndilo ningeanza nalo mimi pia, kwa hiyo Zuhura, lifanye kabla ya yote nitakayoandika hapa.

Nilikaa miaka minne Lyngby, kwenye chuo kikuu cha ufundi cha Denmark. Huko wanapima antena za setilaiti kwa uga wa karibu wa duara: antena inazungushwa na probu imetulia. Chumba chao kimefunikwa kwa sponji la kufyonza mawimbi tangu sakafu hadi dari. Na bado kitu walichokuwa wakikihangaikia kila siku ni hichohicho unachohangaikia wewe. Skana yako ina gharama ndogo, ila fizikia yake ni ileile, na unastahili kuiheshimu kama wanavyoiheshimu wao.

Nianze na maumbo, kwa sababu yana habari nyingi kuliko unavyodhani. Kama kosa lingekuwa la ukubwa tu, yaani pachi fulani zina nguvu ndogo lakini zote ziko fezi moja, basi mwale wa pembeni wa juu na wa chini ingelingana. Hiyo ni hesabu tupu ya Fourier: uso wenye fezi moja hutoa picha yenye ulinganifu. Fezi ikiteleza kwa mstari ulionyooka, mwale unapinda na miale ya pembeni inaenda nao bila kubadilika. Wewe una vyote viwili, kupinda na kutolingana. Kwa hiyo una mteremko wa fezi, na juu ya mteremko huo kuna mkunjo. Tafuta vitu viwili, usitafute kimoja.

Sasa angalia mhimili. Tatizo liko wima, na wima ndio upande unaotembea polepole. Mstari mmoja wa mlalo unauchukua kwa dakika tatu hivi, ila kutoka mstari wa chini hadi wa juu kabisa ni saa mbili. Chochote kinachobadilika na saa, programu yako inakisoma kama kinabadilika na urefu. Kebo ya probu ikipata joto, urefu wake wa umeme unabadilika, na kama ina Teflon ndani kuna mruko mbaya karibu na nyuzijoto 19, ambapo kiyoyozi kikali kinaweza kuifikisha. Kwa gigahezi 5.8 urefu wa wimbi ni milimita 51.7, kwa hiyo milimita moja ni digrii 7 za fezi. Kebo ya mita tano inabeba zaidi ya mawimbi mia moja ndani yake, na badiliko dogo mno la asilimia linatosha kukuharibia.

Lakini usiisingizie kebo kila kitu. Mwale kupinda digrii 1.2 kunahitaji fezi iteleze kama digrii 146 kwenye mita yako moja. Kebo yako ikiteleza 40, hiyo inaeleza theluthi moja ya digrii. Kilichobaki kitakuwa cha chuma: antena haikusimama sambamba na skana, au reli imelala katikati.

Jaribio litakalokutenganishia mambo haya halihitaji kifaa chochote. Igeuze antena juu chini, digrii 180, kwenye kifungo (kishikio) kilekile, kisha pima upya. Kasoro iliyo ndani ya antena itageuka nayo. Kasoro ya skana, kebo au kifungo itabaki ilipokuwa. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mtu jambo moja tu kuhusu kazi hii, ningemfundisha hilo: badilisha kitu ambacho hakitakiwi kubadilisha jibu, uone kama jibu litakaa. Allen Newell wa maabara ya vipimo ya Marekani kule Boulder, Colorado, mwaka 1988 alipanga vyanzo 18 vya makosa katika skani bapa, na vingi kati ya hivyo unaweza kuvipima kwa mtindo huohuo.

Kwa kebo dawa yake ni hii. Ukimaliza skani kubwa, usizime. Ipeleke probu katikati na uipandishe wima mara moja kutoka chini hadi juu: vituo 41, chini ya dakika tatu. Mstari huo unaikata mistari yako yote 41 kabla joto halijabadilika. Tofauti ya fezi kati yake na skani kubwa, mstari kwa mstari, ndiyo kuteleza kwa kebo. Iondoe. Na kebo ya probu iache ining'inie kwa kitanzi kimoja kipana, isikunjwe kunjwa kila probu inapogeuka.

Probu na antena pia zinaangaliana, na mawimbi yanarudi kati yao. Pima mara mbili, ya pili ukiwa umesogeza probu nyuma milimita 13, ambayo ni robo ya wimbi. Wimbi lililokwenda na kurudi linakuwa limeongeza nusu wimbi, alama yake inageuka, na ukichukua wastani wa picha mbili baada ya kuzisawazisha fezi linajifuta.

Probu yenyewe nayo ina macho yake: inaona vizuri mbele na vibaya pembeni, na usipoirekebisha, picha ya antena yako inabeba kosa hilo. David Kerns, hukohuko Boulder, ndiye aliyeweka hesabu ya kuliondoa. Kwa mdomo wazi wa wevgaidi unaweza kuhesabu umbo lake kwa kanuni. Kwa eneo na umbali wako, picha inaaminika hadi kama digrii 60 kutoka katikati. Zaidi ya hapo usiseme chochote hata ikionekana nzuri.

Kuhusu geini nitakuwa wazi. Hiyo 25.7 siyo geini. Ni uelekezi, yaani nguvu iliyokwisha kutoka imekusanywa upande gani kwa kiasi gani. Nguvu iliyofia ndani ya bodi programu haiioni kabisa, maana uligawanya kwa jumla ya kile kile ulichokipima hewani. FR-4 kwa gigahezi 5.8 inakula karibu desibeli 0.2 kwa kila sentimita ya njia. Kutoka katikati hadi pachi ya pembeni njia yako ina sentimita 25 na zaidi. Zidisha. Hizo desibeli 5 unazozitafuta kwenye linki umeshazipata. Ukitaka geini ya kweli, weka honi ya kiwango, yaani antena ya honi ambayo geini yake inajulikana, mahali pa antena yako, pima kwa mpangilio uleule, na ulinganishe.

Juma_Minara

Kaka Bakari, hiyo ya kugeuza antena juu chini nimeielewa na nitaitumia hata mnarani. Nimekuwa nikilaumu antena miaka yote.

Zuhura_RF

Shikamoo Mzee Kombo. Kaka Bakari, asante sana, nimeisoma mara tatu. Nimetumia siku nne, na huu ndio ukweli uliotoka.

Probu ikiwa imesimama katikati kwa saa mbili, fezi iliteleza digrii 38. Na haikuteleza kwa mstari: ilienda taratibu, kiyoyozi kilipowaka ikakata kona, kilipozima ikakata tena. Mzee, ulikuwa umekiona kiyoyozi changu ukiwa Mombasa. Huo mkunjo kumbe nilikuwa nauchora mimi mwenyewe kwenye antena kila siku.

Nikageuza antena juu chini. Kabla, mwale uliinuka 1.2. Baada, ukainuka 1.1, juu vilevile. Kwa hiyo antena haina hatia ya kupinda. Nikachukua kaliba, nikapima kutoka uso wa antena hadi uso bapa ambao probu inatembea: juu milimita 203, chini 198. Nilipanga kwa pimamaji nikaridhika, ila pimamaji ililala kwenye kifungo na kifungo chenyewe kilichomelewa kikiwa kimeegemea nyuma. Milimita 5 kwenye sentimita 30 ni kama digrii 0.9. Ukijumlisha na 0.3 ya kebo, ndiyo 1.2 yangu kamili. Niliiangalia hesabu hiyo kwa muda mrefu.

Reli ya mlalo nayo imelala milimita 1.5 katikati. Nilivuta uzi wa kuvulia samaki kutoka mwisho hadi mwisho nikapima pengo. Sikuinyoosha, nimeirekebisha fezi kwenye programu kwa kila kituo.

Sasa nazima kiyoyozi saa moja kabla ya kuanza, napima usiku, nafanya ule mstari mmoja wa wima mwishoni, na napima mara mbili kwa kusogeza milimita 13. Mwale uko ndani ya digrii 0.1. Miale ya pembeni ni 12.4 na 14.1. Bado haijalingana. Nikaigeuza antena tena, nikidhani nitaona skana ikinisaliti mara ya pili, na safari hii upande mbaya ulihama pamoja na antena.

Bakari_Lyngby

Basi sasa skana yako inasema kweli, na kuna kitu ndani ya bodi. Rudi nyuma ukakitazame. Chukua data uliyoipitisha kwenye FFT, kila wimbi bapa lirudishe fezi ya milimita 200 kuelekea antena, kisha geuza FFT. Tahadhari moja: mawimbi yaliyo nje ya duara la k, yaani mafupi kuliko wimbi lako la hewani, yatupe kabisa. Hayo hufifia yakisafiri, na ukijaribu kuyarudisha unakuza kelele mara maelfu. Kwa hiyo utaona vitu vilivyoachana kama milimita 30, siyo chini ya hapo. Pachi zako zimeachana 38. Inatosha, kwa shida kidogo.

FundiKombo

Na usisahau kuweka alama kwenye bodi upande gani ni juu, mwanangu. Ukishaigeuza mara tatu utapotea.

Zuhura_RF

Nimeweka alama kwa rangi ya kucha, Mzee, nyekundu, kona ya juu kulia.

Imeonekana. Nimekaa mbele ya kompyuta saa 7 usiku na pachi zangu zikajitokeza moja moja kama madoa ya mwanga, safu nane, na nilizitambua zote. Kona ya chini kushoto pachi nne ziko gizani: desibeli 6 chini ya wenzake, na fezi imepishana nao karibu digrii 40. Pachi hizo nne ni kundi moja, zinalishwa na mgawanyiko mmoja. Asubuhi nikachukua lenzi ya fundi simu. Kwenye tawi lile, pale njia inapogawanyika, kuna ufa mwembamba kuliko unywele. Nadhani ulitokea nilipokata bodi kwa msumeno na kuikunja kidogo. Nimepita hapo mara nyingi kwa macho na sikuuona.

Nimeweka risasi kidogo ya kulehemu, nimepima tena jana usiku. Kona imerudi, ndani ya desibeli 1 ya wenzake. Miale ya pembeni sasa ni 13.1 na 13.4.

Nimehesabu pia ule ufa ulinigharimu nini katika mwale mkuu: kama desibeli 0.3 tu. Kwa hiyo zile 5 za linki ni za FR-4 kweli, kama kaka Bakari alivyosema, na hakuna risasi itakayozirudisha. Toleo la pili nitagawa bodi mara mbili, njia ndefu za kulishia ziwe kwenye bodi ya upotevu mdogo na pachi zibaki kwenye FR-4. Kuna mtu wa Nairobi amekubali kuniazima honi ya kiwango kwa wiki mbili, nikishaipata nitaleta hapa namba ya geini iliyopimwa.

Kaka Juma, ukija Dar pita uione skana. Njoo na ile antena uliyokuwa ukiilaumu, tutaigeuza juu chini.